Nchi Jirani: Bunduki ya Masafa Haimalizi Kunguru

Mwezi Juni mwaka 2024 nchi jirani ya Kenya, kupitia shirika lake la wanyamapori, KWS, ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja wa Kihindi katika eneo lake la mwambao kabla ya mwaka huo kumalizika. Silaha iliyotajwa katika mpango huo ilikuwa sumu maalumu, itumiwayo na wataalamu wenye kibali. Bunduki haikupewa nafasi ya kwanza. Msikilizaji aliyezoea kushika silaha ana haki ya kuuliza sababu. Nchi yenye jeshi na polisi, na watu waliofundishwa kulenga shabaha, inashindwaje kumtungua ndege anayetua juu ya paa la jiko mchana kweupe?

Swali hilo linastahili jibu kamili, kwa kuwa linahusu silaha, usalama wa raia na adui ambaye hatambui mpaka wa nchi. Mazungumzo haya yanaeleza jinsi bunduki ya marisau inavyofanya kazi, mahali uwezo wake unapokoma, na kazi ambayo bunduki hiyo imeweza na haikuweza kuifanya dhidi ya kunguru duniani.

Kwanza, adui mwenyewe. Kunguru wa Kihindi, ambaye katika mwambao wa Kenya huitwa pia kurabu, si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Bara Hindi na nchi zilizo karibu nalo. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakati kisiwa hicho kilipokuwa chini ya himaya ya Uingereza, ili ale takataka na kuusafisha mji. Kazi hiyo aliifanya, lakini hakuishia hapo. Alizaana, akavuka bahari, na mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Leo ameenea katika miji ya mwambao wa Kenya na Tanzania, na amekwisha kuanza safari ya kuelekea bara, akifuata barabara kuu, masoko na majalala.

Ndege huyu ana urefu wa sentimita 40 hivi na uzito wa gramu 300 au pungufu. Shingo na kifua chake vina rangi ya kijivu, na mwili uliobaki ni mweusi. Ni vema alama hizo zikumbukwe, kwa sababu kunguru mwenyeji wa Afrika, yule mwenye kifua na shingo nyeupe, hana hatia katika shauri hili. Kunguru wa Kihindi hula mayai na makinda ya ndege wengine, hunyakua vifaranga vya kuku wa mama wa kijijini, huharibu matunda na nafaka, na huingia jikoni na mahotelini kula chakula cha watu. Mahali alipokita mizizi, ndege wadogo wa asili hupungua. Kwa familia inayotegemea kuku ishirini kulipa ada ya shule, kunguru huyu ni mwizi wa kila siku.

Sasa silaha. Bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotgani, ni tofauti na bunduki ya kivita. Mtutu wake hauna mifuo ndani, na ganda lake moja hubeba mamia ya punje ndogo badala ya risasi moja. Ile ya kawaida, ya namba 12, ina mtutu wenye kipenyo cha milimita 18 na nusu hivi. Jina lake lilitokana na hesabu ya zamani: goli 12 za risasi zenye ukubwa wa tundu la mtutu huo zilikuwa na uzito wa ratili moja.

Ganda la kuwindia ndege lenye gramu 30 za marisau namba 6, kwa kipimo cha Uingereza, hubeba punje zipatazo 290. Kila punje ina kipenyo cha milimita 2.6. Punje hizo hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 400 hivi kwa sekunde. Mwendo huo ni mkubwa, lakini punje ni nyepesi na ya mviringo, na hewa huipunguza kasi upesi sana. Ifikapo umbali wa mita 40 imekwisha kupoteza karibu nusu ya mwendo wake, na nguvu ya kupenya ikipungua zaidi ya hapo, kwa kuwa mwendo ukipungua kwa nusu nguvu hubaki robo tu.

Jambo la pili ni kutawanyika. Punje hutoka zikiwa zimeshikamana, kisha huachana kadiri zinavyokwenda. Watengenezaji wa bunduki hupunguza mtawanyiko huo kwa kuubana kidogo mdomo wa mtutu. Kipimo kilichozoeleka ni duara lenye kipenyo cha sentimita 76, likiwekwa umbali wa mita 36 na nusu. Mtutu usiobanwa huingiza katika duara hilo punje 40 katika kila 100. Mtutu uliobanwa kabisa huingiza 70 katika kila 100. Kwa ganda lililotajwa, hizo ni punje zipatazo 200, ambazo zinatosha kumwangusha kunguru kwa hakika.

Lakini umbali ukiongezeka hadi mita 55, hata mtutu uliobanwa kabisa huingiza katika duara lile lile karibu theluthi moja tu ya punje, yaani 90 na kitu. Zikigawanywa katika eneo la duara hilo, kila punje inabaki na nafasi ya sentimita za mraba 50, sawa na ngumi ya mtu. Na sehemu ya mwili wa kunguru ambayo ikipigwa ndege hufa papo hapo haizidi ngumi hiyo sana. Maana yake ni kwamba mpigaji aliyelenga sawasawa kabisa anaweza kumpata kunguru kwa punje moja dhaifu, au asimpate. Ndege hujeruhiwa, huruka na kwenda kufa polepole mahali pengine, au hupona na kujifunza. Manyoya kuruka hewani hakuthibitishi kwamba shabaha imepatikana.

Hesabu hiyo ni ya ndege aliyetulia. Kunguru anayeruka huleta shida nyingine. Kwa umbali wa mita 50, punje huhitaji karibu moja ya tano ya sekunde kufika. Katika muda huo, kunguru anayekwenda kilomita 40 kwa saa amesogea zaidi ya mita mbili. Mpigaji hana budi kulenga mahali pasipo na ndege, mbele yake, na kukadiria kwa jicho umbali, mwendo na pembe kwa wakati mmoja. Upepo wa pwani ukivuma kutoka ubavuni, punje nyepesi husukumwa nao. Kosa la hatua moja katika kukadiria umbali hubatilisha kazi yote.

Ni kweli kwamba wako wawindaji wanaosogeza mpaka huo. Nchini Marekani, ambako sheria ya shirikisho huruhusu majimbo kufungua msimu wa kuwinda kunguru usiozidi siku 124 kwa mwaka, baadhi yao hutumia mitutu iliyobanwa mno na punje za madini ya tangsteni, ambayo ni mazito kuliko risasi ya kawaida na hutunza mwendo wake kwa umbali mrefu zaidi. Maganda hayo ni ghali sana. Hata hivyo, mwindaji stadi wa huko hategemei urefu wa mkono wa bunduki yake. Hujificha ndani ya kibanda cha majani, huvaa nguo zinazofanana na kichaka, husimamisha sanamu za kunguru shambani na kuiga mlio wao, ili ndege waje wenyewe hadi mita 25 au 30. Ustadi wake ni wa kuufupisha umbali. Askari aliyefundishwa kuvizia ataelewa jambo hilo bila maelezo marefu.

Hapo ndipo akili ya kunguru inapoingia. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na uchunguzi wa kisasa umeonyesha kwamba woga huo una kumbukumbu. Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington katika mji wa Seattle, Marekani, walivaa vinyago maalumu na kuwakamata kunguru saba, kisha wakawaachia. Kwa miaka iliyofuata, kila mtu aliyepita eneo hilo akiwa amevaa kinyago kile alipigiwa makelele na kunguru, wakiwamo ambao hawakuwa wamekamatwa. Walikuwa wamefundishwa na wenzao. Kunguru wa Kihindi ni wa jamaa hiyo hiyo, na wakazi wa miji ya pwani wanajua kwamba ukiinama tu kuokota jiwe, ameondoka. Mtu mwenye bunduki huwapata wachache siku ya kwanza. Siku ya tatu kundi lote linaijua nguo yake, linaijua gari yake, na linakaa nje kidogo ya upeo wa silaha yake. Kwa hiyo kunguru mwenyewe ndiye anayemlazimisha mpigaji kujaribu masafa marefu, na katika masafa hayo ushindi ni wa kunguru.

Yako pia mambo ya usalama, ambayo kwa askari ndiyo ya kwanza. Kunguru wa Kihindi haishi porini. Anaishi sokoni, bandarini, hospitalini, shuleni na katika nyumba za watu. Punje ya marisau namba 6 isiyoweza tena kumwua kunguru katika mita 60 ingali ina uwezo wa kumpofusha mtoto mbali zaidi ya hapo, na huweza kusafiri hadi mita 200 kabla ya kuanguka. Punje kubwa zitumiwazo kwa wanyama huweza kuvuka mita 500. Paa za mabati, nyaya za umeme, vioo na matangi ya maji viko katikati ya njia hiyo.

Na asitokee mtu akafikiri kwamba dawa ya masafa ni kuchukua bunduki ya kivita. Risasi yake ikimkosa kunguru aliye juu ya mnazi, haina kitu nyuma yake cha kuizuia. Itakwenda zaidi ya kilomita mbili na kushuka mahali ambapo mpigaji hakupaona. Kanuni ya kwanza ya uwanja wa shabaha, kwamba mpigaji ajue kilicho mbele na kilicho nyuma ya shabaha yake, haiwezi kutimizwa mtu anapolenga angani katikati ya mji. Aidha, mlio wa bunduki karibu na makazi huwatia raia hofu. Raia wanaosikia bunduki ikilia kila asubuhi huzoea mlio huo, na siku ya hatari ya kweli hawatashtuka wala kutoa taarifa.

Tuseme basi kwamba vikwazo hivyo vyote vimeshindwa, na kwamba kunguru wanauawa kwa wingi usio na mfano. Je, watakwisha? Historia ya Marekani inatoa jibu. Katika jimbo la Oklahoma, kati ya mwaka 1934 na mwaka 1945, wenye mamlaka waliacha kupoteza marisau wakatumia milipuko. Mabomu yalitegwa katika malalo 127 ya kunguru na kulipuliwa usiku. Kunguru wapatao milioni 3.8 waliuawa. Baada ya kazi hiyo yote, haukupatikana ushahidi kwamba jumla ya kunguru ilipungua, wala kwamba mazao ya wakulima yalinufaika. Waliosalia walibaki na chakula kingi zaidi cha kugawana. Maadamu chakula kipo, nafasi ya aliyekufa hujazwa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba bunduki haina kazi kabisa. Iko mifano mitatu inayofundisha. Katika visiwa vya Shelisheli, kunguru wa Kihindi waliofika kwa meli walisakwa na kupigwa risasi wakati idadi yao ingali ndogo, na ilipofika mwaka 1994 walikuwa wamekwisha. Katika kisiwa cha Socotra, nchini Yemen, kunguru waliingia mwaka 1996. Kwa miaka kadhaa makinda yao yaliondolewa katika viota ili wasiongezeke, na mwaka 2009 wale 13 waliobaki walipigwa risasi hadi wa mwisho. Huko Hoek van Holland, mji mdogo wa bandari nchini Uholanzi, kundi la makumi machache tu lilimalizwa kwa bunduki katika miaka ya baada ya 2010.

Mifano hiyo inafanana katika mambo mawili. Kunguru walikuwa wachache kiasi cha kuhesabika, na waliwahiwa kabla hawajaujaza mji. Katika hali hiyo mpigaji mmoja hodari, mwenye kibali, mwenye subira, anayengoja ndege afike karibu, ana thamani kubwa. Mombasa, Dar es Salaam na Unguja zimekwisha kupita hatua hiyo kwa miongo mingi. Lakini ipo miji ya bara ambayo bado haijapita, na humo ndimo onyo la wahenga lina maana: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa mahali ambapo kunguru ni maelfu kwa maelfu, njia zinazotumika ni tatu. Ya kwanza ni sumu iliyochaguliwa na Kenya. Wataalamu huwazoeza kunguru kwa siku kadhaa kula nyama isiyo na kitu mahali pamoja. Wakishazoea, huwekewa nyama yenye dawa. Kunguru hafi papo hapo. Hufa baada ya saa kadhaa, akiwa amekwisha kuondoka mahali pale, na kwa sababu hiyo wenzake hawaunganishi kifo na chakula. Dawa yenyewe huvunjika upesi ndani ya mwili wa ndege, hivyo hatari kwa mnyama atakayekula mzoga ni ndogo. Ilitumika Kenya kwa mafanikio hapo zamani, na ilipoacha kuingizwa nchini kunguru waliongezeka upya. Sumu hii si ya kushikwa na kila mtu. Mtu anayechanganya dawa ya panya na nyama na kuitupa barabarani humwua mbwa wa jirani, tai na hata mtoto, na kunguru akabaki.

Njia ya pili ni mtego mkubwa wa waya, mfano wa chumba, wenye mlango juu ambao kunguru huweza kuushukia lakini hawezi kupandia kwa mabawa yaliyokunjuka. Ndani huwekwa chakula na kunguru mmoja aliye hai wa kuwaita wenzake. Njia hii imetumika Dar es Salaam. Faida yake ni kwamba ndege wenyeji wakiingia kwa bahati mbaya huachiwa salama, jambo ambalo marisau hayawezi kulifanya.

Njia ya tatu haihitaji dawa wala waya, na ndiyo msingi wa zile mbili: ni usafi. Kunguru aliletwa pwani hii kwa sababu ya takataka, na ni takataka zinazomweka. Machinjio yanayotupa matumbo hadharani, soko la samaki lisilofagiwa, jalala lisilofukiwa na pipa lisilo na kifuniko ni ghala za adui. Katika vita hakuna kamanda anayelishambulia jeshi huku akiliachia ghala lake la chakula.

Hapa ndipo majeshi ya ulinzi na polisi wana sehemu kubwa kuliko ya kufyatua bunduki. Kambi ina jiko linalolisha mamia ya watu, na mabaki ya jiko hilo yakitupwa nje ya uzio hulisha kundi zima la kunguru. Kambi inayofukia mabaki yake kila siku imewaondolea kunguru riziki. Viota vilivyo katika miti ya kambi huweza kuondolewa kwa amri ya mkuu wa kambi na kwa ushauri wa maofisa wa wanyamapori, kabla mayai matatu, manne au matano yaliyomo hayajawa kunguru. Askari wa bandari na wa vituo vya mpakani, ambaye kazi yake ni kuangalia kila kinachoingia, anaweza kutoa taarifa mapema anapowaona kunguru wa kijivu katika mji ambao jana hawakuwamo. Taarifa ya ndege wawili katika mji wa bara ina thamani kuliko maganda elfu moja yatakayofyatuliwa miaka kumi baadaye.

Kuna pia suala la ujirani. Mwambao wa Kenya na wa Tanzania ni mmoja, na kunguru wa Vanga anaweza kupata kifungua kinywa upande mmoja na chakula cha mchana upande wa pili. Kenya ikiwapunguza kunguru wake huku upande wa kusini ukiwalisha, nafasi zitajazwa kutoka kusini. Tanzania ikiwategea mitego nao upande wa kaskazini ukiwaacha, hasara ni ile ile. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi hii inadai miezi ile ile ya utekelezaji, taarifa zinazobadilishana, na sheria zinazofanana kuhusu dawa na taka. Idadi ya milioni moja iliyotangazwa mwaka 2024 ilikuwa lengo la nchi moja, na adui yake ni wa nchi zote za pwani.

Ndugu wasikilizaji, askari hupewa silaha ili aitumie pale inapoweza kutimiza kazi, na kwa kiasi kinachostahili. Bunduki ya marisau ni chombo cha karibu. Kwa kunguru wachache, katika eneo lililo wazi, kwa idhini ya wakubwa na kwa mita zisizozidi 35, hutimiza kazi. Kwa masafa marefu juu ya paa za wananchi hujeruhi ndege, huhatarisha watu na kuwafundisha kunguru werevu zaidi. Anayetaka kuwaona wakipungua na aanze na pipa la taka lililo nyuma ya jiko lake, kisha awaunge mkono wataalamu waliopewa kazi hiyo, upande huu wa mpaka na upande wa pili.